Shylock Katika Picha: Nani Hasa Bepari wa Venisi?

Makada wengi wa rika letu walimjua Shylock kabla ya kumjua Karl Marx. Walimkuta katika tamthilia ya William Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Walipokuja kuanza darasa la itikadi na kulisikia neno bepari, picha ilikuwa imekwisha kutulia kichwani mwao: mzee mwenye ndevu, mkononi kisu, mbele yake mizani.

Hatusemi haya kwa kubuni. Katika semina moja ya makada vijana tuliyoiendesha hapa mjini Unguja, tulibandika ukutani nakala mbili za picha. Ya kwanza ilikuwa chapa ya Kiingereza ya karne ya 19, Shylock na kisu chake. Ya pili tutaieleza mbele. Tuliuliza, "Ndugu, huyu mnamjua?" Kabla hatujamaliza sauti ikatoka nyuma ya chumba: "Banyani wa rehani huyo!" Darasa zima likacheka, na kusema kweli hata sisi wakufunzi midomo ilitucheza.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya kicheko kile. Kada aliyesema hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alisema kile ambacho mchoraji alitaka kisemwe. Alimtazama mtu akaona kabila, na alipokwisha kuliona kabila hakuwa na haja tena ya kuutazama mkopo.

Kwa wale wasioisoma tamthilia, mambo ni haya. Antonio, mfanya biashara mkubwa wa Venisi, anataka kumsaidia rafiki yake Bassanio kwenda kumposa tajiri Portia. Mali yake yote iko baharini, basi anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopesha fedha, kwa muda wa miezi mitatu. Shylock hataki faida ya fedha safari hii; anataka iandikwe kwamba deni lisipolipwa atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zinafika kwamba majahazi yamezama, siku ya malipo inapita, kesi inafika mahakamani. Portia, aliyejivika nguo za mwanasheria, anamwambia Shylock akate nyama lakini asimwage hata tone la damu. Shylock anashindwa, ananyang'anywa mali, analazimishwa kuingia dini ya wale waliomtemea mate. Kisha majahazi matatu ya Antonio yanaonekana bandarini salama.

Basi tujiulize kitu cha kwanza kabisa. Katika hadithi hii nani mwenye majahazi? Nani mwenye mali iliyotawanyika Tripoli, Meksiko, Uingereza, Lisbon, Barbary na India? Ni Antonio. Mfanya biashara anayetajwa katika jina la Kiingereza la tamthilia ni yeye, wala si Shylock. Lakini nenda katika majumba ya picha ya Ulaya ukamtafute Antonio. Utamwona pembeni, kifua wazi, mnyonge anayesubiri kuchinjwa. Mwenye mtaji amegeuzwa mwana-kondoo, na mkopeshaji wake amebebeshwa sura ya ubepari wote.

Hapa tafsiri ya Mwalimu inatuonyesha njia. Kiingereza kinamtaja mfanya biashara mmoja. Mwalimu akaandika Mabepari, yaani wengi. Wako waliodhani kwamba huo ulikuwa utani wa kisiasa wa miaka ya Azimio la Arusha. Sivyo hivyo tu. Neno bepari lenyewe lilitoka India, katika lugha za Kigujarati na Kihindi, likashuka na majahazi katika bandari zetu, na maana yake ya zamani katika Kiswahili ni mfanya biashara tu, mchuuzi mkubwa. Maana ya mnyonyaji ilikuja baadaye, watu walipokwisha kumjua huyo mfanya biashara vizuri. Kwa hiyo jina Mabepari wa Venisi ni tafsiri sahihi kwa kamusi ya zamani na ni uchambuzi sahihi kwa siasa ya mwaka 1969. Na uwingi wake unamwambia msomaji asihesabu kichwa kimoja akaondoka.

Sasa tuje kwa wachoraji. Kwa muda mrefu jukwaa la London lilimwigiza Shylock kama kichekesho. Mwaka 1741 mwigizaji Charles Macklin alimgeuza akawa mtu wa kutisha, na London ikamshangilia. Aliendelea kumwigiza kwa karibu miaka 50. Johan Zoffany, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza, alimchora Macklin katika sehemu hiyo karibu na mwaka 1768. Ni mchoraji hodari, hilo hatumnyimi. Alichagua ukumbi wa mahakama, na kuanzia wakati wake wachoraji na wachonga chapa wengi walibaki papo hapo mahakamani, katika dakika ile ya kisu. Dakika hiyo ndiyo inayouza picha. Lakini ni dakika moja tu, na mtu yeyote ukimchukua katika dakika ya chuki yake peke yake, ukaificha miaka ya dharau iliyomfikisha hapo, utapata shetani.

Kuna jambo jingine la Zoffany ambalo makada wetu wanapaswa kulijua. Mwaka 1783 alikwenda India, akakaa huko hadi 1789, akiwachora maofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki pamoja na wakubwa wa Lucknow. Hao wa Kampuni walikuwa mabepari wenye jeshi, waliokuwa wakikusanya kodi ya Bengal, nchi ambayo njaa ya mwaka 1770 iliua mamilioni ya watu chini ya utawala wao. Ukitazama picha alizowachora utaona makoti mazuri, watumishi, mapigano ya majogoo, mabwana wametulia katika starehe zao. Mkono ule ule, rangi zile zile. Kisu alipewa Myahudi wa kwenye tamthilia; wale wa kweli walipewa viti.

Hatudai kwamba mchoraji alikaa akapanga njama. Mchoraji anakula kwa wanaomlipa, na wanaomlipa hawapendi kujiona. Ndivyo itikadi ya tabaka tawala inavyofanya kazi mara nyingi: bila kuamriwa na mtu.

Venisi ya kweli nayo haikuwa kama wachoraji walivyoitaka. Mwaka 1516 serikali ya Venisi iliwafungia Wayahudi katika mtaa mmoja uliokuwa ukitiwa kufuli usiku. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kuingia katika vyama vya mafundi. Walilazimishwa kuvaa alama ya kuwatambulisha. Kazi waliyoachiwa, tena kwa mkataba na kwa kodi nzito, ilikuwa pamoja na kukopesha fedha. Maana yake ni kwamba dola ya wafanya biashara iliuhitaji mkopo lakini haikutaka kuchafua mikono; ikampa kazi hiyo mtu ambaye ingeweza kumtemea mate hadharani na kumfilisi siku itakayotaka. Na Uingereza ya Shakespeare ilikuwa imewafukuza Wayahudi tangu mwaka 1290. Watazamaji wa kwanza wa Shylock wengi wao hawakupata kukaa jirani na Myahudi hata mmoja; walimjua kwa picha tu.

Mtu wa Mji Mkongwe akisoma habari hizi hawezi kuziona ngeni. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, forodha ilikuwa ikikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na baada ya Sayyid Said kufa mwaka 1856 nyumba ya kifalme yenyewe ikawa mdaiwa mkubwa wa kampuni hiyo. Taria Topan, ambaye jengo la hospitali alilolianzisha bado limesimama pale Malindi karibu na bandari, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara yake ya bara. Misafara ilirudi na pembe na watumwa. Pembe zikavuka bahari kwenda kutengenezwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Marekani na Ulaya, na nguo za merikani zikaja upande huu. Sasa mwambie mchoraji atuchoree bepari wa Unguja wa mwaka 1870. Atamchora nani? Mwenye daftari? Mwenye msafara? Mwenye shamba la mikarafuu? Au bwana wa Salem, Hamburg na London ambaye hajapata kukanyaga Forodhani na bado faida kubwa inaishia kwake?

Mkoloni alilijibu swali hilo kwa namna yake. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, na wenye mashamba wakabaki na miti isiyo na wachumaji wa bure. Kila msimu walihitaji fedha taslimu za kuwalipa wachumaji, wakakopa. Kwa kuwa riba ni haramu, ilitumika bei ya khiyari: mwenye shamba "anamwuzia" mwia shamba lake kwa muda, akiwa na haki ya kulikomboa, wakati huo huo yeye mwenyewe analipanga na kulipa kodi. Kodi hiyo ndiyo faida ya mkopo iliyovishwa kanzu. Muda ukipita bila kukomboa, shamba limekwenda. Na wanunuzi wa khiyari hawakuwa Wahindi peke yao. Walikuwamo Waarabu, walikuwamo Waswahili, walikuwamo jamaa wa damu wa mdaiwa.

Ilipofika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka na madeni yakawa mlima. Serikali ya Kiingereza ikatoa sheria mwaka 1934 za kuzuia ardhi isihamie kwa Wahindi na kukipa nguvu Chama cha Wenye Mashamba ya Karafuu; wafanya biashara wa Kihindi wakagoma, na India ikasusia karafuu zetu hadi mapatano ya mwaka 1938. Katika ugomvi wote ule mkoloni alijichora kama Portia, mwanasheria mwenye huruma anayemwokoa mdaiwa. Ushuru wa karafuu aliokuwa akiukusanya mwenyewe haukuingia katika picha. Alituachia sura ya Banyani, na sura hiyo ndiyo iliyochekesha semina yetu.

Tunasema wazi kwamba unyonyaji wa waweka rehani ulikuwapo na mababu zetu waliumia. Hatufuti hilo. Lakini mwenye kufundishwa kumtambua mnyonyaji kwa sura atakosea mara mbili: atamwonea fundi cherehani, fundi viatu na muuza duka maskini wa Kihindi ambaye hakupata kumkopesha mtu kitu zaidi ya kibaba cha mchele, na atampita mnyonyaji anayefanana naye. Katika siku za Januari 1964 na zilizofuata, waliolipa gharama hawakuwa wenye daftari kubwa peke yao. Wengi wa hao walikwisha kuhamisha fedha. Yalikuwa Mapinduzi ya wanyonge, na kwa ajili hiyo hiyo ni wajibu wetu kuyasoma kwa macho ya tabaka, si kwa macho ya mchonga chapa wa Kiingereza.

Turudi kwenye picha ya pili iliyokuwa ukutani. Ni ya Maurycy Gottlieb, kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 1856 katika mji wa Drohobycz, siku hizi ni Ukraine. Aliichora mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 20 tu. Miaka mitatu baadaye alikuwa marehemu. Gottlieb aliiacha mahakama. Alikwenda katika tukio ambalo wasomaji wengi hulipita: Shylock amealikwa chakula cha jioni, hataki kwenda, roho inamwambia kuna shari, na kabla ya kutoka anamkabidhi binti yake Jessica funguo za nyumba na kumwambia afunge milango. Binti anapokea. Mawazo yake yako kwingine, maana usiku huo huo atatoroka na Lorenzo pamoja na kijaluba cha fedha na vito.

Hakuna kisu hapa. Kuna mzee na mwanawe na funguo.

Darasa lilinyamaza mbele ya picha hii, na baada ya muda ndugu mmoja wa kike kutoka Wilaya ya Kaskazini akasema, "Huyu mzee anaogopa." Tukamwuliza anaogopa nini. Akasema, "Anaogopa nyumba yake." Jibu hilo lilitutosha kwa mazungumzo ya saa nzima, kwa sababu sote tulikuwa tumekuja semina kwa kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mbele ya milango mikubwa ya kuchongwa yenye njumu za shaba na makomeo ya chuma. Watalii huipiga picha milango hiyo, na vijana wetu wa Gizenga na Hurumzi huichora na kuiuza. Sawa, watu wale. Ila mlango umechorwa kama pambo, wakati aliyeuweka aliuweka kwa hofu: chini duka na ghala, juu familia, na katikati komeo. Gottlieb alikielewa kitu ambacho mchora milango wetu anakipita. Mali ya mtu binafsi inamfungia ndani mwenyewe na wanawe.

Lakini tusiifanye picha hii kuwa msahafu. Gottlieb amemrudishia Shylock ubinadamu, na hilo kwa mchoraji wa Kiyahudi wa zama zile lilihitaji moyo. Hata hivyo funguo ni za nini? Ndani ya sanduku mna jasho la nani? Picha haisemi. Ukimtazama mzee huyu kwa muda unaanza kusahau kwamba alikuwa mkopeshaji, na kwamba alimtesa mtumishi wake Launcelot kwa njaa, kwa maneno ya Launcelot mwenyewe. Mchoraji wa kwanza alitupa mnyonyaji asiye mtu. Huyu anatupa mtu asiye na biashara. Tukilazimika kuchagua, tutachagua ya Gottlieb bila kusita, kwa sababu mtu anaweza kuchambuliwa na shetani hawezi. Lakini tumechagua picha yenye pengo.

Na pengo hilo lipo katika picha zote tulizopata kuziona. Katika kesi, kabla Portia hajaingia, Shylock anawaambia wakubwa wa Venisi kwamba wao wana watumwa waliowanunua, wanawatumia kama punda na mbwa, na wakiambiwa wawaachie huru wawaoze binti zao watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na ratili yake ya nyama ameinunua, ni mali yake. Hakuna hata mmoja mahakamani anayemjibu. Shakespeare hakuwa mjamaa, lakini hapo aliliweka jambo wazi kuliko wanasheria wengi: kisu cha Shylock na sheria ya Venisi vimetoka ghala moja. Kwa msomaji wa Unguja, ambaye akitoka Darajani kwa miguu anafika Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hicho ndicho kiini cha tamthilia nzima. Kwa nini wachoraji wamekikimbia? Kwa sababu ukikichora itakubidi uwageuze watazamaji walioko mahakamani waitazame mikono yao, na hao ndio wanaonunua picha.

Wako watakaosema kwamba tunaikuza picha kupita kiasi, kwamba picha haimwui mtu. Mwaka 1943, katika jumba la Burgtheater mjini Vienna, watawala wa Kinazi walimpandisha jukwaani Shylock aliyeigizwa na Werner Krauss kwa sura ya kuchukiza kupita zote. Wakati huo treni zilikuwa zikiwachukua Wayahudi kwenda kuuawa, na Wayahudi wa Drohobycz, mji wa Gottlieb, walikuwa wakimalizwa. Wenye viwanda vikubwa vya Ujerumani waliotumikisha wafungwa hawakuigizwa na mtu yeyote mwaka ule. Ubepari ulikuwa umepewa uso wa jirani, na jirani akauawa, na ubepari ukabaki.

Tuyatazame basi ya kwetu. Serikali ya Mapinduzi iliwagawia wananchi eka tatu tatu na kuitia biashara ya karafuu mikononi mwa umma. Mwenye rehani aliondoka. Lakini ilikuwapo miaka ya 1970 na 1980 ambapo mkulima alipata sehemu ndogo sana ya bei ya dunia, na karafuu zikavuka kwa magendo kwenda Mombasa usiku. Mizani ilikuwa yetu na bado ilimlalia mkulima. Kada asiyeweza kulisema hilo katika kikao bado anamtafuta Banyani.

Na leo? Wanawake wetu wanaijua mikopo iitwayo kausha damu. Sijui kama aliyeibuni lugha hiyo amesoma Mabepari wa Venisi, lakini amempita Portia: hapa damu ndiyo inayochukuliwa na nyama inaachwa. Mkopo unachukuliwa asubuhi, marejesho ya kila siku au kila wiki, na likikwama godoro, jokofu au cherehani vinatolewa nje mbele ya majirani. Nyingine ziko ndani ya simu, nazo humtangaza mdaiwa kwa jamaa zake wote. Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kuzipiga marufuku nyingi zisizo na leseni mwaka 2024. Tuliwauliza wanasemina wanyooshe mkono wenye dada, mama au mke aliyepata kukopa hivyo. Mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko tulivyotazamia. Tukauliza mkopeshaji alikuwa nani. Jirani, walisema. Mtu wa shehia hii hii. Mtu tunayeswali naye. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kiongozi wa tawi.

Yule ndugu aliyesema "Banyani wa rehani" naye alikuwa amenyoosha mkono. Cherehani ya mama yake ilichukuliwa. Alipoulizwa mkopeshaji anafananaje alifikiri kidogo, akasema, "Anafanana na sisi," na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya mwisho ya semina wanafunzi walidai kazi ya mikono badala ya insha. Tuliwapa karatasi na penseli, tukawaambia wamchore Antonio. Hawakuwa wachoraji, na kazi nyingi hazikuwa za kuangaliwa mara mbili. Wawili walichora jahazi. Mmoja alichora dawati tupu lenye simu juu yake. Wengi walirudisha karatasi nyeupe wakisema hawamjui sura, nasi tukazikusanya karatasi hizo pamoja na nyingine, tukazibandika ukutani katikati ya Shylock wa kisu na Shylock wa funguo, zipate kuzungumzwa na kundi litakalofuata.